Mwaka Niliosafisha Meno ya Karani

Nilifika Nyalenda Mama Zena akiwa ameshazikwa. Waislamu hawachelewi na maiti, nami habari zilinikuta asubuhi sokoni Sondu. Mpaka nishuke Kisumu na kutembea hadi pale nyumbani, wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini na wananawa mikono uani. Niliingia chumba walichokaa wanawake, nikavua viatu, nikapata nafasi kwenye mkeka karibu na mlango. Wengi sikuwajua. Msichana aliyekuwa akigawa kahawa aliniinamia akaniuliza kwa adabu, "Mama, wewe marehemu ni nani wako?" Swali lilikuwa rahisi kuliko jibu lake. Hakuwa ndugu yangu. Mimi si Mwislamu, wala sikuwa jirani yake tena. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu nikijifunza kushona, na kusema hivyo tu kungekuwa kama kusema niliwahi kupita pale njiani. Mwishowe nikasema kilichokuwa kweli: "Nilikuwa namsafishia paka wake meno." Msichana alibaki na birika mkononi. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa pembeni akageuka na kuniangalia vizuri. "Ni yule wa Karani!" akasema. "Nyar Kisian! Ni huyu!" Wanawake wakacheka, kile kicheko cha msibani ambacho mtu anakifunika kwa mtandio, na pale nikajua kwamba Mama Zena aliisimulia habari hiyo miaka yote hii mimi nikiwa mbali. Sasa hawezi kuisimulia tena, kwa hiyo naiandika. Mimi niliishia darasa la saba, na nitaandika jinsi ninavyojua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikwenda kwake kutoka Kisian, ndiyo maana waliniita Nyar Kisian, binti wa Kisian, nikiwa na mfuko mmoja wa nguo. Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza muda si mrefu. Mambo ya kwetu sitayaeleza zaidi ya hayo, ila jambo moja lazima niliseme, maana bila hilo msomaji hataelewa kwa nini mwanamke mzima alipatwa na hofu kubwa hivyo kwa ajili ya paka. Mtoto wangu hakuweza kunyonya. Alizaliwa mzuri, kucha zake na nywele zake zimekamilika, lakini kila nilipomweka kifuani mdomo wake ulifunguka ukabaki hivyo hivyo. Maziwa yalikuwepo. Yalikuwa yananilowesha nguo. Alikufa njaa akiwa juu ya kifua kilichojaa, na watu wote walioniambia pole waliniambia pia kwamba bado mimi ni msichana, nitapata mwingine. Baada ya hapo niliacha kuzungumza na watu, isipokuwa yale ya lazima: karibu, asante, chumvi iko wapi.

Nyumba ya Mama Zena ilikuwa na vyumba viwili vya udongo vilivyopigwa lipu, na uwanja mdogo aliougawana na familia ya Baba Akinyi. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani na vitambaa. Alishona sare za shule, na kwa hiyo chumba kizima kilinuka kaki mpya, harufu kavu inayokwaruza pua. Chumba cha nyuma tulilala, yeye kitandani na mimi kwenye godoro chini ya dirisha. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na mandazi ya jana. Mchana tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, au mnavu, ambao sisi tunauita osuga, na Ijumaa alipika wali wa nazi kwa nazi za sokoni ambazo mara nyingi zilikuwa zimechacha, naye alisema kila Ijumaa kwamba baba yake aliyetoka pwani angeamka kaburini kama angeuonja. Mama yake alikuwa Mjaluo, kwa hiyo alinisalimu kwa lugha yangu, akanituma kwa Kiswahili na kusali kwa Kiarabu. Siku ya kwanza hakuniuliza lolote. Aliniwekea chakula, akakaa upande wa pili wa sinia na kula chake. Nilipoacha nusu, alifunika sahani yangu kwa kawa, akaiweka mahali nitakapoiona.

Paka aliitwa Karani kwa sababu alikuwa na kawaida ya kukaa mezani kando ya cherehani, miguu ya mbele imekutana, akitazama wateja kama anayengoja waeleze shida zao. Alikuwa wa rangi ya majivu, mwenye kifua cheupe. Alikuwa wa marehemu mume wa Mama Zena, Mzee Rajabu, aliyefanya kazi gatini mpaka alipofariki. Sikuwahi kumwona mzee huyo, lakini nilimjua kupitia meno ya paka wake. Mzee Rajabu aliwahi kuwa na paka mwingine kabla ya huyu, na mdomo wa paka yule uliharibika bila mtu kujua. Ukoga ulijaa kwenye magego, fizi zikavimba zikatoa usaha, na paka akawa anakwenda kwenye sahani, ananusa, analia, anaondoka. Alikufa amekonda kama kamba. Mzee Rajabu aliapa kwamba mnyama anayekula nyumbani kwake hatakufa tena njaa mbele ya sahani. Hivyo alipomleta Karani, angali mdogo wa kukaa kiganjani, alianza kumzoesha. Kila jioni baada ya kusali Magharibi alikaa kwenye kigoda, akasugua meno yake mwenyewe kwa mswaki wa mti, kisha akamchukua paka na kumsugua yake kwa kitambaa. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Alipokufa, Mama Zena aliendelea na kazi hiyo, lakini mikono yake ilikuwa imeanza kukakamaa vidole, na paka hapendi mkono usio na uhakika. Jioni moja alinitazama na kusema, "Nyar Kisian, nionyeshe vidole vyako." Nikamwonyesha. "Vyembamba. Vizuri. Kuanzia leo meno ya Karani ni yako."

Nilidhani nitashika kitambaa na kuanza. Hapana. Siku ile alinikataza kabisa kugusa mdomo. "Leo mguse shavu tu," alisema. "Ukimgusa shavu na asiondoke, basi. Kazi ya leo imekwisha." Nikamgusa shavu. Siku zilizofuata nilimgusa shavu, kisha nikapitisha kidole juu ya mdomo wa juu, kisha nikauinua mdomo upande mmoja nione chonge, nikauachia. Karani akivuta kichwa au akipiga mkia, Mama Zena, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo aliloshona, alisema, "Mwache. Kesho ipo." Baadaye akanipa kipande cha marekani laini kilichobaki kwenye bitana, nikizungushe kwenye kidole cha shahada na kukichovya kwenye maji yaliyochemshiwa samaki kabla hayajatiwa chumvi. Karani alikilamba. Kwa muda ilikuwa hivyo tu, analamba kitambaa nami nashukuru. Ndipo nikafundishwa kusugua, nje ya meno tu, polepole, kuanzia pale ufizi unapokutana na jino, na kukaa zaidi kwenye magego ya juu huko nyuma, kwa sababu ndiko ukoga wa manjano unakoanzia. Dawa ya meno ya watu hapana, alisema, paka hajui kutema. Chumvi na mkaa hapana, kinywa si sufuria. Nitazame rangi ya fizi, kama ni ya waridi au imepata mstari mwekundu. Ninuse pumzi yake. Na neno moja lisisahaulike: Mzee Rajabu hakuanza bila kusema "Bismillahi", na Karani alikuwa amelizoea kiasi kwamba usipolisema hainui kidevu. Mimi nilibatizwa na kupata kipaimara. Jioni ya kwanza nilijaribu kusema "haya twende", nikajaribu "Jina la Baba". Karani alinitazama kama ninayemchelewesha. Nikasema Bismillahi, akainua kidevu.

Upande wa pili wa uwanja Mama Akinyi aliona yote hayo akiwa jikoni kwake, kwa sababu jiko lake lilikuwa nje. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye watoto watano na sauti ya kusikika hadi kwenye bomba la maji. "Nyar Kisian amesilimu!" aliwapigia kelele wenzake. "Amesilimishwa na paka!" Jioni nyingine: "Mama Zena, huyo paka ako na bibi sasa? Mimi bwana yangu mwenyewe meno yake sijawahi angalia!" Na Baba Akinyi, aliyekuwa mlinzi wa ghala na ambaye alikuwa akila kabla ya kwenda kazini, alijibu akiwa na tonge mdomoni, "Usiangalie. Utatoroka." Mama Zena alicheka mpaka akaacha cherehani. Mimi sikucheka kwa sauti, lakini nakumbuka vizuri kwamba jioni ile uso wangu ulifanya kitu ambacho haukuwa umefanya kwa miezi.

Miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vimeanza kushika kando ya ziwa. Nyama ya mbuta ilikatwa ikapelekwa ng'ambo, na sisi tuliuziwa mifupa iliyobaki, kichwa na uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania, ikikaangwa kwenye mafuta mengi mpaka inakauka. Tuliiita mgongo wazi. Mama Akinyi aliikaanga karibu kila siku akauza kando ya barabara, na alikuwa mkarimu. "Kwa nini mnasumbua huyu paka na nguo?" alisema. "Mfupa ndio mswaki ya paka. Mfupa inakwaruza meno yote, inakuwa safi tii." Mama Zena alimwambia Mzee Rajabu hakupenda mfupa uliokaangwa, kwa sababu ukikaangwa unakuwa kama kioo, unavunjika vipande vyenye ncha. Mama Akinyi alisema sawa. Lakini paka alipokaa mbele ya karai lake akimtazama, miguu imekutana, alishindwa kumnyima, na alimpa akiamini kabisa kwamba anatusaidia kazi. Hata leo simlaumu. Sisi wote tuliokua karibu na ziwa tuliambiwa mifupa ni dawa ya meno.

Ijumaa moja Karani alikwenda kwenye sahani, akanusa, akarudi nyuma. Nilimsogezea tena. Alinusa, akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Nilimwambia Mama Zena, naye akasema pengine ameshiba panya. Usiku ule nilisikia akijikwaruza uso. Jumamosi alikuwa anatoa mate, uzi mrefu wa mate mpaka kifuani, kifua cheupe kimelowa, na alijipiga mdomo kwa mguu wa kulia, anakimbia kinyumenyume, anajigonga kwenye mguu wa meza. Mtoto mdogo wa Mama Akinyi alimwona akapiga kelele, na kelele hizo zilimtoa Baba Akinyi ndani akiwa amevaa singleti tu. Alisimama mbali. Aliwaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, akawaingiza nyumbani na kufunga mlango, ndipo akaja kwetu.

"Mama Zena," alisema, "mimi sina ubaya na paka yako. Lakini hii iko na kichaa."

"Hajaumwa na mbwa, Baba Akinyi. Halali nje."

"Utajuaje? Mtoto ya ndugu yangu aliumwa na mbwa kule Kisian. Nilimshika mwenyewe siku ya mwisho. Alikuwa anaogopa maji, Mama. Maji kwa kikombe." Alinionyesha kwa kidole. "Nyar Kisian anaweka mikono kwa hiyo mdomo kila siku. Si wewe ni Mama yake hapa? Wewe huogopi?"

Mama Zena alisema apelekwe kwa daktari wa mifugo. Ofisi ya mifugo ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Baba Akinyi alisema Jumatatu ni mbali kwa mtu mwenye watoto watano. Kesho akitoka kanisani atakuja na gunia na rungu, na tusimkasirikie. Alisema hivyo akitazama chini. Sikuweza kumchukia, kwa sababu alikuwa na haki, nami ningekuwa na mtoto ningefanya hivyo hivyo.

Tulimfungia Karani chumba cha mbele. Tuliweka maji. Jumapili asubuhi nilichungulia mlangoni, nikamwona akienda kwenye bakuli la maji mwenyewe, bila kuyaogopa, akiteremsha ulimi, akiutoa, akijaribu tena. Alitaka maji. Aliyataka kabisa. Na nikaona jambo jingine ambalo mtu asiyeujua mdomo ule asingeliona: mate yalitoka upande mmoja kuliko mwingine, na mguu aliojipigia ulikuwa ule ule wa kulia kila mara, juu, nyuma, penye magego. Nilirudi chumba cha nyuma nikamwambia Mama Zena, "Kuna kitu mdomoni. Nataka kuangalia." Nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizokuwa nimemwambia tangu nifike. Alitazama mikono yangu. "Akikukwaruza tu, na ikawa si kitu mdomoni," alisema, "unajua ni nini." Nikasema najua. "Unaogopa?" Nikasema ndiyo. "Basi tutavaa kaki," akasema, akainuka.

Tulikuwa tukikunja kile kitambaa kizito cha kaptula za shule Baba Akinyi alipoingia uwanjani na suti yake ya kanisani, gunia begani. Mama Zena alimweleza. Alikataa. Akakataa tena. Kisha akamtazama mke wake aliyesimama mlangoni kwao, mikono kichwani, akalitupa gunia chini na kuvua koti. "Mimi nitashika nyuma," alisema. "Mbele ni yenu. Sitaki kuona mbele." Akafunga macho kabla hata hatujaingia.

Mama Zena alimzungushia Karani kaki mara kadhaa mpaka akabaki kichwa tu, Baba Akinyi akalikumbatia lile furushi kwa nyuma, jasho likimtiririka, naye alikuwa akiomba kwa Dholuo, lugha yetu, haraka haraka. Nilijifunga kaki mikononi mpaka vidole. Nikamgusa shavu, sikufanya zaidi. Alinguruma, kisha akanyamaza. Nikasubiri. Nikasema, "Bismillahi," na Karani, na maumivu yale yote, na mate yale, akainua kidevu.

Nikainua mdomo wa juu upande wa kulia nikaona fizi zimevimba. Nikabonyeza taya ya chini ikafunguka, na pale juu, kwenye kaakaa, kipande cha mfupa kilikuwa kimelala kimevuka kutoka magego ya upande mmoja hadi ya upande mwingine, kimekaza kama kipande cha mti kilichozuia mlango. "Kijiko," nikasema, na Mama Zena akanipa kijiko cha chai. Nikaingiza mpini wake nyuma ya ncha ya mfupa, nikausukuma kuelekea kwangu. Haukutoka. Baba Akinyi alikuwa amefika kwenye Baba Yetu. Nikausukuma tena kwa nguvu kidogo, ukalia, ukaruka, ukaanguka juu ya kaki. Karani alipiga chafya ya damu, akaufunga mdomo wake, akaufungua, akaufunga, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Mama Akinyi, aliyekuwa amesogea mpaka mlangoni petu, ndiye aliyeokota ule mfupa. Aliugeuza kiganjani. Alikuwa anaikaanga mifupa kama ile kila siku ya Mungu, na hakuhitaji kuambiwa. "Ni yangu," alisema. "Ni mgongo wazi yangu." Akakaa chini pale pale mlangoni. Mama Zena alimwambia ainuke, aache ujinga, kwani ni nani asiyejua kwamba alimpa kwa mapenzi. Baba Akinyi alifungua macho, akauliza, "Imekwisha?" na tukamwambia imekwisha, akasema, "Mwaka ujao mtafute mtu mwingine." Ndipo wote wanne tukacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama Zena alinilazimisha kunawa mikono kwa sabuni ya kipande hadi kwenye viwiko, mara nyingi, na Jumatatu alinipeleka kwa watu wa afya wanitazame ngozi hata hivyo. Sikuwa na mkwaruzo wowote.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na jioni ya Jumapili. Mama Akinyi alileta omena waliochemshwa bila chumvi, wamepondwa laini kama uji, naye akasema hatakaa, akaondoka upesi. Nikamwekea Karani sahani. Alikuja, akanusa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni. Akalamba. Alisimama, akasubiri uchungu uje, haukuja, akalamba tena, na baadaye akala kweli, kichwa chini, sahani ikisogea sakafuni. Sauti ile ndogo ya ulimi kwenye bati ndiyo iliyonivunja. Nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia nilipomzika mtoto wangu. Mama Zena alikuja akakaa sakafuni karibu nami, kwa shida, na magoti yake yaliyokakamaa kama vidole. Hakunishika. Alikaa tu. Nikamwambia yote, mdomo uliofunguka, maziwa kwenye nguo, wale waliosema nitapata mwingine. Nilikuwa sijamweleza mtu.

Nilipomaliza akaniuliza, "Aliitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema, "Akoth. Alizaliwa mvua ikinyesha."

"Akoth," alisema Mama Zena. Akalirudia taratibu, jina la mtoto wangu, katika chumba kile cha kaki na vitambaa, nami nikalisikia likitamkwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza.